Dalali wa Ogwedhi na Boti Isiyotia Nanga

Sijawahi kumwona Dalali akimaliza kikombe cha chai mahali alipokianzia. Alikunywa akitembea. Kikombe alikiweka juu ya boneti ya pikapu yangu, akamkimbilia fahali aliyekuwa akishushwa kwenye lori, na aliporudi aliagiza kingine kwenye kibanda tofauti, kwa hiyo jioni kina mama wa chai wa soko la Ogwedhi walizunguka kila pembe wakitafuta vyombo vyao huku wakimtukana kwa upole. Ukizungumza naye ulikuwa unazungumza na bega, maana uso ulikuwa umeshageukia kwingine. Miaka mingi nilibeba mbuzi na ndama kutoka soko hilo na nilimbeba yeye pia, na alikichoka kiti changu kabla sijatia gia ya pili. Hata kumwandika hivi kunanifanya niinuke niende dirishani.

Jina analo, lakini sokoni aliitwa Dalali tu, utadhani wengine wote wenye fimbo na makoti marefu pale walikuja kujifunza kazi kwake. Mkewe yeye alimwita Mikayi, yaani mke wa kwanza, ingawa wa pili hakuwahi kuwapo na asingethubutu kumleta. Jumamosi alimsindikiza Mikayi kwa Wasabato akasimama nje chini ya dirisha. Jumapili alikwenda kwa Wakatoliki akasimama mlangoni. Alisema anapenda kusikia pande zote mbili kabla ya kufunga bei.

Uongo wake ulikuwa wa wazi, wala hakuna aliyeukasirikia kwa muda mrefu. Siku moja alimwapia mnunuzi kutoka upande wa Narok kwamba ng'ombe aliyemshika hajakohoa tangu azaliwe, na ng'ombe akakohoa hapo hapo, kikohozi kirefu cha mtu mzima. "Anakusalimia," Dalali akasema. Mnunuzi alicheka hadi akamchukua, na nikambeba ng'ombe huyo akikohoa njia nzima.

Lakini kuna jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha, na ndilo lililomtoa Ogwedhi. Mikayi ni binti wa mvuvi, kwao ni kando ya ziwa upande wa Homa Bay. Mama yake alipozeeka hadi hawezi kujiinua kitandani, na ndugu zake wa kiume wakawa wote wako mijini na kazi zao, Mikayi alifunga nguo zake akaenda kumtunza. Alisema anakwenda kwa mwezi mmoja. Mwezi ukazaa miaka, na Dalali akabaki peke yake na nyumba yenye sufuria moja inayotumika.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini hakumfuata. Kwa watu wetu mwanamume haruhusiwi kulala ukweni. Haingii lango lao bila shughuli, na maro, mama mkwe wake, hamkodolei macho wala hali naye meza moja. Vijana wamelegeza, nimeona wakwe wakipiga picha wamekumbatiana. Dalali, aliyeweza kumdanganya askari wa kizuizi cha barabarani akiwa na ndama watatu chini ya turubai, hapa hakulegeza hata uzi. Kukodi chumba karibu kusingesaidia, kwa sababu Mikayi hakuweza kumwacha mgonjwa zaidi ya dakika za kuteremka majini kuosha vyombo, na shamba lote kutoka barabarani hadi majini ni la ukweni. Alikuwa na mke aliye hai, mwenye afya, anayempenda, na hakuwa na pa kusimama amwone.

Ndipo akasikia kwamba hoteli moja ya wavuvi wa starehe, upande wa Mbita, imefungwa na inauza vitu vyake. Kulikuwa na boti moja ya faiba, fupi, pana, iliyolala chini, aina wanayotumia wageni kuvua samaki kwa fimbo kwenye maji yaliyotulia. Sakafu yake ilitandikwa zulia la kijani, na juu ya zulia kulikuwa na viti viwili juu ya nguzo, vya kuzunguka. Haikuwa na injini. Dalali alikaa kwenye kile kiti, akakizungusha huku na huku, akaniangalia kama mtu aliyepata dini.

"Lango lao liko wapi?" akaniuliza.

"Barabarani, mzee."

"Na huku kwa maji, uliona lango? Kuna mtu alikwambia ziwa ni ya mama mkwe?"

Ndivyo mfanyabiashara wa ng'ombe, asiyejua kuogelea na aliyeogopa hata mto ukijaa, alivyonunua boti. Kitu cha kwanza alichotafuta baada ya hapo hakikuwa injini. Lilikuwa jaketi la kuokoa maisha, la rangi ya chungwa, na alilivaa sokoni Ogwedhi wiki nzima ili mwili ulizoee. Mafahali walimwogopa, na watu walisema Mikayi asiporudi haraka mume wake atapotea kabisa.

Kisha tukaanza kutafuta injini, na hapo nusura tuachane. Tulikwenda Migori, tukapita Rodi Kopany kumwona mtu mwenye injini chini ya kitanda, tukafika Homa Bay, tukarudi, tukaenda tena. Alizichagua jinsi anavyochagua ng'ombe. Alizunguka nyuma kwanza. Aliinua bawa la propela kwa kidole gumba kama anayefunua mdomo wa ndama kutazama meno. Alinusa. Aliamuru iwashwe ndani ya pipa la maji, kisha akaondoka bila kuaga, akaenda hadi kona ya barabara, akarudi ghafla kuona kama imebadilisha sauti.

"Huyu, mwenyewe alimuuza kwa nini?" aliuliza kila mahali.

"Mzee, ni injini."

"Sawa. Lakini kwa nini alimuuza?"

Muuzaji mmoja wa Homa Bay, kijana mpole mwenye duka safi, alijaribu kumweleza habari ya nguvu. Hii ni ya farasi kumi na tano, ile ni ya farasi arobaini.

"Omera, ndugu yangu, farasi nani amewahi ona hapa?" Dalali akasema. "Niambie ni ng'ombe ngapi."

Kijana akafikiria kwa dhati, Mungu ambariki. "Labda sawasawa tu, mzee. Lakini boti yako ni ndogo, ubao wa nyuma uko chini. Chukua kumi na tano."

Dalali alichukua ya arobaini, kwa sababu ilikuwa na mabega. Tulikwenda kuijaribu mchana mbele ya watu wote wa gatini. Ilipofungwa nyuma, boti ilikaa chini kama ng'ombe anayeinuka kwa miguu ya mbele tu. Ilikwenda, sikatai, ilikwenda kwa hasira, pua ikitazama mawingu. Alipoogopa akakata mafuta mara moja, na wimbi tulilolifanya wenyewe likatufikia kwa nyuma, likapanda ubao na kuingia hadi kwenye zulia. Tukakimbilia puani tukakaa tumekumbatiana, mimi na yeye na jaketi lake, huku watu wa gatini wakipiga makofi. Hakuniruhusu kucheka mpaka tulipofika Rongo.

Mara ya pili alikuja na shauri lililonifanya nisimamishe gari. Jembe la ng'ombe, akasema, halivutwi na ng'ombe mmoja. Unafunga wawili, mzee mwenye akili na kijana mwenye nguvu, mzee anamfundisha kijana. Kwa hiyo akatafuta injini mbili ndogo, moja kuukuu, nyingine karibu mpya, akazifunga bega kwa bega. Kila fundi alimwambia zisizolingana hazifungwi pamoja. Aliwajibu kwamba wao hawajawahi kulima. Boti ilizunguka. Ile mpya ilisukuma, ile kuukuu ikakohoa, nasi tukachora duara moja baada ya jingine, kila duara likisogea karibu na gugumaji, hadi mizizi ikajifunga kwenye propela zote mbili na ikabidi wavuvi waje na kasia kutuvuta.

Hapo nilimkasirikia kweli. Nilimwambia anapoteza siku zangu, kwamba kila mtu ziwani ana injini moja ya kawaida na wanafika wanakokwenda. Akanijibu kwa sauti ya sokoni kwamba mimi ni dereva wa mbuzi. Tuligeuza gari kurudi. Lakini njiani simu yake ililia, na nilimsikia Mikayi akiuliza yuko wapi, naye akajibu, "Niko njiani." Ndivyo alivyomjibu kila siku tangu anunue boti. Nikamtazama, bado amelivaa jaketi lake ndani ya gari, na hasira ikaniisha. Mtu huyu alikuwa anaogopa. Siku atakayopata injini nzuri ndiyo siku atakayolazimika kuingia majini, na alikuwa anaisukuma mbele siku hiyo kwa kila mbinu aliyojifunza kwenye udalali.

Mikayi aliomba aniongeleshe mimi. "Mwambie anunue moja ya kumfikisha," akasema. "Mimi sikuomba mashindano. Na mwambie asijaribu kuongeza ingine kando, nilizaliwa hapa, najua." Akashusha sauti. "Mimi nazeeka huku peke yangu, bwana. Mwambie."

Nilimwambia. Wiki iliyofuata alinunua ya kumi na tano, iliyochubuka kifuniko, yenye kuwaka kwa mvuto mmoja, kutoka kwa yule kijana mpole. Hakuzunguka nyuma wala kunusa. Alikodi chumba ng'ambo ya ghuba, mbali na ardhi ya ukweni, akajifunza kuchanganya oili na petroli, akajifunza kuinua injini palipo na gugumaji. Sokoni tukaanza kuulizana nani atauza ng'ombe wetu.

Safari yake ya kwanza alinisimulia mwenyewe, mara moja tu, akiwa amesimama. Alivuka alasiri, upepo ukimsukuma mgongoni, injini ikinguruma kama lori kwenye mlima. Mama mkwe alikuwa hajapata usingizi kwa maumivu tangu jana yake na ndiyo kwanza alikuwa amelala. Kelele ikamwamsha, akaanza kulia kwa uchungu, hadi Mikayi akakimbia kuteremka majini. Dalali alimwona mkewe kwa mara ya kwanza baada ya muda wote ule, na mkewe alikuwa akimpungia leso. Alidhani anamkaribisha. Akasogea. Ndipo akaelewa kwamba anafukuzwa. Siku mbili hakula, na aliponieleza sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia.

Nilimpa ushauri ambao mtu yeyote angeutoa. Zima injini mbali, piga kasia, tia nanga mbele ya jiwe lao la kuoshea vyombo, zungumza na mkeo. Alinitazama kana kwamba nimemwambia alale kitandani kwa mama mkwe.

"Nanga?" akasema. "Nanga ni kamba. Ukifunga ng'ombe kwa boma ya watu na kamba, huyo ng'ombe amelala kwao. Mimi siwezi funga kitu hapo. Mimi lazima nikuwe napita."

"Basi upepo utakupeleka hadi mlangoni kwao."

"Ndio shida," akasema, akaanza kuzunguka gari.

Ile mota ndogo ya umeme tuliiona kwa yule kijana, ikiwa imelala kwenye rafu. Dalali aliidhania feni. Kijana akaeleza kwamba wageni huifunga puani mwa boti wanapovua, kwa kuwa haina kelele ya kufukuza samaki, inakula betri tu. Na ukifika mahali unapopapenda unabonyeza kitufe; upepo ukikusukuma, yenyewe inakurudisha pole pole, unabaki pale pale.

"Inasimama bila kufungwa?" Dalali akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Bila kamba. Bila nanga."

"Inatembea tu kidogo kidogo, mbele, kando. Huwezi hata kuiona."

"Kwa hivyo iko njiani."

Kijana akaniangalia mimi. "Iko njiani, mzee," nikasema. Dalali alitoka nje ya duka, akavuka barabara, akasimama huko akiwa ametugeuzia mgongo, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakubishana bei, na kijana wa watu akabaki amechanganyikiwa.

Tangu siku hiyo nilisikia habari zake kwa simu. Asubuhi na jioni alivuka kwa ile ya kumi na tano, akaizima mbali, akateremsha ile ndogo, akanyata juu ya maji hadi mbele ya jiwe. Mikayi aliosha vyombo polepole kuliko mwanamke yeyote wa ufuo ule. Walizungumza juu ya ng'ombe, dawa, watoto waliooa na wasiooa. Hakushuka, wala Mikayi hakupanda, maana alipaswa kusikia mama akiita. Wavuvi walimzoea. Walisema kuna mzee pale anayepita tangu mwaka jana na hajamaliza kupita.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka huu, mvua zilipokatika, nilipopeleka mbuzi Homa Bay. Nilimkuta amekonda, mikono imepasuka kwa maji na petroli. Akanitaka nivuke naye kwa ile safari ya jioni, na nikakubali ingawa upepo ulikuwa umeanza kusukuma kuelekea ufuo wa ukweni. Alipokea mawimbi vizuri. Kumbe alikuwa amejifunza. Mbali na ufuo alizima injini kubwa, na kimya kikashuka ghafla hata nikasikia mbuzi wa mtu shambani. Alibonyeza kitufe chake. Ndipo tukaona kwamba Mikayi leo hakuwa peke yake. Yeye na jirani walikuwa wamemteremsha mama mzee akiwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, amefungwa blanketi, wakamweka karibu kabisa na maji.

Dalali alizungusha kiti chake akaupa ufuo mgongo kwa kasi hata boti ikayumba.

"Nani huyo amekaa?" akaninong'oneza.

"Ni mama mzee."

"Maro?"

"Sijui mwingine."

Alinyoosha mkono kuwasha injini kubwa. "Usiwashe!" Mikayi akapaza sauti. "Ni yeye ametaka kuletwa. Mimi sikumlazimisha."

Mama mzee alisema neno kwa sauti ambayo haikutufikia, na Mikayi akatuletea. "Anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula."

"Anasema wewe muongo."

Mabega ya Dalali yakatikisika. Mama akasema tena. "Anauliza ni nini inakushika hapo na haoni kamba."

"Ni mota. Mwambie inakula betri. Betri inakula jua."

Hilo lilichukua muda kufikishwa. Mama mzee alitikisa kichwa, akavuta blanketi, akazungumza kwa kirefu. Mikayi alimsikiliza akiwa ameinama, na alipoinuka sauti yake ilikuwa imebadilika. "Anasema hana aibu imebaki mahali popote kwa mwili yake. Anasema uje."

"Mwambie siwezi," Dalali akauambia upepo. "Mwambie ni heshima. Siwezi kuja."

Mikayi hakumwambia mama chochote. Alisimama pale, leso imelowa hadi magotini, sufuria mkononi. "Mimi nimechoka kupiga kelele," akasema. Haya yalikuwa yake mwenyewe. "Kila siku naongea na mume yangu kama mtu anauza nyanya ng'ambo ya barabara. Nimechoka, baba watoto. Sitateremka tena kesho."

Sijui nilitazama wapi. Dalali hakugeuka. Midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti, ikitafuta bei ya katikati ambayo haikuwapo.

Mama mzee ndiye aliyesema, neno fupi tu. Mikayi akaweka mkono mdomoni. "Anasema basi zima hiyo kitu."

"Nizime niende wapi?"

"Hajasema uende mahali. Hajasema uje. Amesema zima tu."

 Dalali akanyoosha kidole gumba, akabonyeza kitufe. Mlio mdogo wa mota, ambao nilikuwa nimeusahau, ukakatika. Boti ikasita, ikageuka ubavu, upepo ukaishika. Yeye akainua mikono yote miwili juu, viganja wazi, uso bado kwenye maji makubwa.

"Tumefika wapi?" akauliza.

"Tunapita jiwe."

"Kuna mawe mbele?"

"Mchanga tu, mzee."

Faiba ikakwaruza chini, ikatulia. Mikayi alikuwa ameshaingia majini. Aliweka mkono mmoja kwenye ukingo wa boti na mwingine kwenye shingo ya mumewe, juu ya kola ya jaketi la chungwa, akauacha hapo. Nyuma yao, karibu hata nikasikia pumzi yake, mama mzee alisema, "Orwa," mkwe wetu.

Dalali hakushusha mikono. Machozi yalimtiririka hadi ndevuni, na aliongea nami haraka haraka, kama mtu anayefunga biashara kabla mwenzake hajabadili nia.

"Wewe ni shahidi. Umeona mikono yangu. Sikushika kitu."

"Nimeona, mzee," nikamwambia. "Ni upepo."